Umealikwa Kongamano Ulaya? Anza Safari Ukiwa Bado Kigongo

Kila mwaka, katika kumbi kubwa za Vienna, Berlin, Amsterdam na Lisbon, watu husimama mbele ya mamia ya madaktari na kuonyesha takwimu zilizotoka kwenye zahanati, mialo na makambi ya wavuvi ya Ziwa Victoria. Damu ilitolewa Misungwi, kinyesi kikapimwa Ukerewe, fomu zikajazwa Sengerema chini ya mwembe. Mara nyingi anayezieleza takwimu hizo si yule aliyezikusanya. Ukiuliza kwa nini muuguzi au tabibu aliyefanya kazi hiyo hakwenda, hutaambiwa kwamba kazi yake ilikuwa duni. Utaambiwa pasipoti ilikuwa imeisha, kibali kilikwama mezani kwa mtu, viza ilitoka siku mbili baada ya kongamano kufungwa.

Nawaandikia wenzangu wa sekta ya afya wa upande huu wa ziwa, kuanzia hospitali za Bugando na Sekou Toure hadi zahanati ya mwisho ya kisiwani. Wengi wenu mna kazi inayostahili kusikilizwa, na karatasi zinazowazuia zinashindika kwa mtu anayezianza mapema.

Tusijione wageni kwenye kumbi hizo. Mwanza ina historia ndefu ya kuifundisha dunia. Mwaka 1995 jarida la The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika katika jumuiya 12 za mkoa huu, vikiwemo vijiji vya pwani ya ziwa na visiwani, ulioonyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya kawaida vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya Virusi vya Ukimwi kwa takriban asilimia 40. Miaka mingi baadaye wasichana 930 wa Mwanza, wenye umri wa miaka 9 hadi 14, walishiriki utafiti wa DoRIS wa chanjo ya HPV. Matokeo yake yalikuwa sehemu ya ushahidi uliolifanya Shirika la Afya Duniani, mwezi Desemba 2022, kukubali dozi moja badala ya mbili au tatu. Mwaka 2024 Tanzania yenyewe ikahamia dozi moja. Hayo yalipita mikononi mwa wauguzi, wataalamu wa maabara na wahudumu wa ngazi ya jamii wa hapa.

Kabla furaha ya mwaliko haijakupanda kichwani, hakikisha kongamano lenyewe lipo kweli. Wanaochapisha hata makala moja tu wanazijua barua pepe zinazoanza kwa kumsifu daktari mashuhuri na kumwalika awe mzungumzaji mkuu Paris au Roma, kwenye fani ambayo si yake. Ni biashara. Wanakodi chumba cha hoteli, wanakusanya ada kwa watu arobaini wa fani ishirini tofauti, wanatoa vyeti, wanaondoka. Mwaka 2019 mahakama moja ya Marekani iliiamuru kampuni ya OMICS, iliyokuwa ikiendesha majarida na makongamano ya namna hiyo, kulipa zaidi ya dola milioni 50 kwa udanganyifu. Kwa hiyo uliza: nani mwandaaji? Ni chama cha kitaaluma kinachojulikana na wakuu wako wa idara? Lilifanyika mwaka jana, na wapi? Muhtasari wako ulisomwa na wahakiki, au ulikubaliwa saa tatu baada ya kuutuma? Mpelekee barua hiyo mhadhiri wa chuo kikuu cha CUHAS au mtafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) hapa Mwanza aisome. Dakika kumi za mwenzako zinaweza kukuokolea mshahara wa miezi.

Likiwa la kweli, swali linalofuata ni pesa, na hapa wengi wanajinyima wenyewe. Makongamano makubwa ya tiba yana ada nafuu ya usajili kwa watu wa nchi zenye kipato kidogo, na mengi yana mfuko wa kuwalipia tiketi na malazi wachache waliokubaliwa mihtasari. Lakini mwisho wa kuomba ufadhili huo mara nyingi huwa ni siku ileile ya mwisho ya kutuma muhtasari, au hata kabla yake. Ukisubiri upokelewe ndipo utafute mfadhili, mfuko umeshagawanywa. Jambo jingine: tangu Julai 2020 Benki ya Dunia inaiweka Tanzania kwenye kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Fomu zilizoandikwa kwa ajili ya nchi za kipato cha chini peke yake hazituhusu tena, ilhali zile zinazotaja makundi yote mawili zinatuhusu. Soma mstari huo kwa makini, na usipoelewa waandikie waandaaji uwaulize. Wanajibu.

Kisha viza. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo safari nyingi hufia.

Miji mikuu mingi ya Ulaya bara iko ndani ya eneo la Schengen, yaani nchi zenye viza moja. London na Dublin hazimo. Huko ni maombi mengine kabisa, na viza ya Schengen haikuingizi. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kongamano likiwa Vienna nawe unataka kupita Uholanzi siku mbili kumsalimia dada yako, unaomba kwa Austria hata kama ndege itatua Amsterdam kwanza. Si kila nchi ina ubalozi Dar es Salaam. Nyingine zinawakilishwa na ubalozi wa nchi jirani yao, nyingine zinapokelea maombi Nairobi, na nyingi zimekabidhi kazi ya kupokea fomu kwa kampuni kama VFS Global. Jambo la kwanza kulifahamu, siku ileile ulipopata barua ya kukubaliwa, ni nani anayepokea maombi ya nchi unayokwenda, na miadi iliyo wazi ni ya tarehe gani. Siku za miadi zinaweza kujaa wiki nyingi mbele.

Sheria inakuruhusu kuomba hadi miezi sita kabla ya safari, na isipungue siku 15. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 tangu maombi yapokelewe, lakini unaweza kusogezwa hadi siku 45. Anayepanga kwa hesabu ya siku 15 anacheza kamari. Panga kwa hesabu ya 45, ongeza siku za kusubiri miadi, ongeza na safari ya Mwanza hadi Dar es Salaam, maana alama za vidole lazima uende mwenyewe. Ukiwa uliwahi kutoa alama hizo kwa viza ya Schengen, zinatumika tena kwa muda wa miezi 59, ila kubali kuitwa upya ukiambiwa.

Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na hairudishwi ukinyimwa. Lakini kanuni ya viza ya Umoja wa Ulaya inawasamehe ada hiyo watafiti wanaosafiri kushiriki kongamano la kisayansi. Watu wengi wa kwetu wanailipa kwa kutojua. Beba barua ya taasisi inayosema wazi kwamba wewe ni mtafiti, pamoja na uthibitisho kwamba muhtasari wako umekubaliwa, na uliza kwa upole kabla ya kutoa pesa. Gharama ya huduma ya kampuni inayopokea fomu utailipa hata hivyo.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na angalau kurasa mbili tupu, na ibaki hai miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya. Bima ya safari igharimie matibabu ya angalau yuro 30,000 na ikubalike nchi zote za Schengen. Kadi ya bima ya afya ya NHIF haihusiki hapo. Weka barua ya mwaliko kutoka kwa waandaaji yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Kama pasipoti inasema majina matatu na mwaliko unasema mawili, omba mwaliko uandikwe upya sasa, si siku ya miadi. Weka oda ya hoteli na ya ndege, lakini usilipie tiketi isiyorudisha pesa kabla viza haijatoka.

Afisa anayesoma faili lako ana swali moja kubwa: huyu mtu atarudi? Kila karatasi unayoweka ijibu swali hilo. Barua ya mwajiri inayosema unafanya kazi gani, tangu lini, umeruhusiwa siku ngapi na utaripoti kazini tarehe ipi. Hati za mshahara. Taarifa ya benki ya miezi kadhaa yenye mwendo wa kawaida wa pesa zako. Usikope milioni kumi kwa shemeji ziingie kwenye akaunti wiki moja kabla ya miadi; anayesoma anaona ziliingia lini, na anajua maana yake. Kama mfadhili anakulipia, barua ya mfadhili iseme analipa nini na nini: tiketi, malazi, chakula, usafiri wa mjini. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati ya kiwanja hata kama bado ni ofa, vyote vina uzito. Mwenye umri mdogo, asiye na ndoa na ambaye hajawahi kusafiri, aongeze nguvu kwenye barua ya mwajiri na ya chuo.

Kuna kunyimwa. Mwaka 2022 kongamano la kimataifa la Ukimwi lilipofanyika Montreal, wajumbe wengi kutoka Afrika hawakupata viza kwa wakati, wengine walinyimwa kabisa, na malalamiko yalitolewa jukwaani siku ya ufunguzi. Huo ni uonevu, na ni vyema kuusema kwa sauti kila tunapopata nafasi: ugonjwa unaozungumzwa uko kwetu, na mlango unafungwa kwetu. Ukinyimwa viza ya Schengen unapewa fomu yenye sababu, na una haki ya kukata rufaa kwa nchi iliyokunyima. Waandikie waandaaji siku hiyohiyo. Waombe wakuruhusu uwasilishe kwa njia ya video, au bango lako litundikwe na mwenzako, na ada yako ya usajili irudishwe. Usinyamaze kwa aibu. Wakijua idadi yetu ni kubwa, watachagua miji na nchi kwa kuizingatia.

Huku nyumbani nako kuna vibali. Mtumishi wa umma hatoki nje ya nchi bila kibali, na barua yake inapita ngazi zaidi ya moja: kituo, halmashauri, na kuendelea juu. Ipeleke kwa mkono, chukua nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa, na rudi kuulizia kila baada ya siku chache kwa heshima. Kuhusu matokeo yenyewe, NIMR hutaka iombwe kibali kabla matokeo ya utafiti wa afya hayajachapishwa, kwa hiyo msimamizi wako aombe mapema, hata kwa muhtasari wa kongamano. Na picha za wagonjwa: tangu Mei 2023 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi. Uso wa mama wa Kigongo usitundikwe ukutani Berlin bila ridhaa yake ya maandishi, na kuziba macho kwa mstari mweusi hakutoshi kwenye kijiji ambacho kila mtu anajua kanga ya kila mtu.

Sampuli za damu au za maabara usibebe kwenye begi, hata mtu akikuomba vipi. Zina vibali vyake na wasafirishaji wake.

Sasa safari. Aliyekuwa akitoka Sengerema, Geita au Busisi anakumbuka foleni ya kivuko. Kuvuka maji yale kulichukua zaidi ya nusu saa, na kusubiri zamu kungeweza kula asubuhi nzima. Mtu aliyekuwa na ndege saa nne alilazimika kulala mjini. Tangu Juni 19, 2025 lilipozinduliwa Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, Kigongo na Busisi ni dakika chache kwa gari. Hiyo isikufanye mzembe na ndege, kwa sababu kipande chenye hatari kimehamia mbele, kati ya Mwanza na Dar es Salaam. Ukinunua tiketi ya ndani mbali na ya kimataifa, ndege ya Mwanza ikichelewa hakuna wa kukulipa ile ya usiku iliyokuacha Dar. Nenda Dar siku moja kabla, ulale kwa ndugu. Angalia pia uzito wa mizigo: shirika la kimataifa linaweza kukuruhusu mabegi mawili, la ndani likakubali moja.

Kama ndege yako inapitia Amsterdam kuelekea Vienna, uhamiaji unafanyika Amsterdam, kwenye mlango wa kwanza wa Schengen, na foleni inaweza kuwa ndefu. Acha nafasi ya saa mbili na nusu au zaidi kati ya ndege na ndege. Ukipitia Addis Ababa, Doha au Istanbul, uhamiaji unakusubiri Vienna kwenyewe, na kwa msafiri wa mara ya kwanza hiyo ni njia tulivu zaidi. Tangu Oktoba 2025 Ulaya imeanza mfumo mpya wa kusajili wasafiri kwa mtambo mpakani badala ya kugonga mihuri, kwa hiyo utapigwa picha na kukaguliwa alama zako. Afisa anaweza kukuuliza unakwenda wapi, unalala wapi, unarudi lini. Barua ya mwaliko, oda ya hoteli, tiketi ya kurudi na bima viwe kwenye karatasi, ndani ya begi la mkononi. Simu huishiwa chaji saa hiyohiyo.

Cheti cha homa ya manjano Ulaya hawakidai, ila nchi yetu inakudai wakati wa kurudi ukiwa umekaa zaidi ya saa 12 uwanjani katika nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, kama Ethiopia au Kenya. Sindano moja sasa inatambuliwa kwa maisha yote.

Mizigo nitaisema kwa haraka, isipokuwa bango. Bango la kongamano huwa kubwa, mara nyingi la kipimo cha A0, yaani sentimita 84 kwa 119. Soma maelekezo kama linatakiwa kusimama wima au kulala, kwa sababu mbao za ukumbini zimetengenezwa kwa namna moja tu. Mjini Mwanza wapo wachapaji wanaotoa mabango ya harusi na ya kampeni; waombe wakuchapie kwenye kitambaa laini, linakunjika kama shuka na linaingia kwenye begi la mkononi. Lile la karatasi ndani ya bomba refu huwa linasahaulika kwenye ndege ya kubadilishia. Faili lake liwe pia kwenye flashi na kwenye barua pepe yako, na siku hizi makongamano mengi yanataka uliweke kwenye mtandao wao kabla ya tarehe fulani.

Koti la baridi usinunue Ulaya. Nenda soko la Mlango Mmoja, chagua la mitumba lililotengenezwa kwa nchi za baridi, na viatu vya ngozi vilivyofungwa. Mwezi Februari na Machi, wakati madaktari wa radiolojia wanapokutana Vienna kila mwaka, kuna siku zinazokaribia nyuzi sifuri. Beba kigeuzi cha umeme: soketi zao ni za matundu mawili ya mviringo, plagi yetu ya pini tatu za bapa haiingii. Dawa zako ziwe kwenye vifungashio vyake pamoja na cheti cha daktari.

Zawadi kwa ndugu walioko huko: nyama na maziwa, hata yakiwa yamekaushwa au kugandishwa, hayaruhusiwi kabisa kuingia Umoja wa Ulaya. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu kwa matumizi yake, kwa hiyo dagaa wakavu na sangara wa kukausha wanapita, mradi uwafunge vizuri wasinukie kwenye koti lako la kongamano. Maembe yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Ndizi, nanasi na nazi hazihitaji.

Mjini, nichukue mfano wa Vienna, kwa sababu makongamano ya tiba hayaishi pale. Kutoka uwanja wa ndege kuna treni ya haraka inayofika katikati ya mji kwa dakika 16, na kuna treni ya kawaida ya S7 inayochukua muda mrefu kidogo kwa nauli ndogo zaidi. Chukua S7. Ukumbi wa Austria Center uko kando ya majengo ya Umoja wa Mataifa, na treni ya chini ya ardhi ya mstari wa U1 inakushusha hapo hapo, kituo cha Kaisermühlen. Tafuta malazi popote kwenye mstari huo. Hoteli zilizo mlangoni mwa ukumbi hupandisha bei wiki ya kongamano. Usilale mbali na kituo kwa kufuata bei. Tiketi ya karatasi lazima igongwe kwenye kijimashine kabla ya kupanda. Hakuna konda wala geti, na kwa sababu hiyo wageni wengi hudhani ni bure, kisha wakaguzi wanaovaa kiraia wanawatoza faini mbele ya watu. Berlin nako ni hivyohivyo, na faini ni yuro 60.

Maji ya bomba ya Vienna yanatoka chemchemi za milimani kwa mfereji uliozinduliwa mwaka 1873, ni salama na matamu. Beba chupa yako, usinunue. Jumapili maduka yamefungwa, Vienna na Berlin, isipokuwa machache kwenye stesheni kubwa, kwa hiyo nunua mkate na matunda Jumamosi. Uwe na kadi ya benki inayofanya kazi nje, na uiarifu benki yako kabla ya kuondoka ili isiifunge kwa kushtuka. Uwe pia na yuro taslimu kidogo. Amsterdam kuna maduka yasiyopokea noti hata moja. Vienna na Berlin kuna vibanda visivyopokea kadi. Anayekula halali atapata bila shida katika miji hii mikubwa, na Vienna kuna msikiti mkubwa wa Kituo cha Kiislamu, karibu na mto Danube. Waumini wa Katoliki hawana haja ya kuelekezwa.

Saa za programu zinaandikwa kwa namba za saa 24, na kiangazi Vienna iko nyuma yetu saa moja, majira ya baridi saa mbili. Kikao cha 08:30 kinaanza 08:30.

Tukifika ukumbini, niwe mkweli kuhusu kosa tunalolifanya sana: tunasikiliza siku nne, tunapiga picha na bendera, tunarudi. Kongamano lenye watu elfu kumi haliwezi kuhudhuriwa lote. Kabla hujaondoka Mwanza, chagua vikao visivyozidi vitatu kwa siku. Chagua pia watu watano unaotaka kuonana nao, uwaandikie wiki mbili kabla kwa sentensi chache: mimi ni nani, ninafanya nini, bango langu ni namba fulani, naomba dakika kumi. Wengi watakubali. Chumba cha kahawa kina thamani kuliko jukwaa kuu.

Kwenye bango usisimame umelipa mgongo ukisoma simu. Simama pembeni yake, msalimie anayekaribia, na uwe na maelezo ya dakika mbili uliyoyazoea mpaka yanatoka bila kusoma. Kiingereza chako kinatosha. Usiposikia swali, omba lirudiwe polepole. Nao Wajerumani na Wareno wanafanya hivyohivyo. Maswali yatakuwa yaleyale: kwa nini washiriki idadi hii, wangapi walipotea katikati, nani alitoa idhini ya maadili.

Swali la waliopotea ndilo lililonifanya niandike ushauri huu. Niliwahi kusimama nyuma ya umati mdogo mbele ya bango lililohusu kichocho kwa wavuvi wa ziwa letu. Profesa mmoja aliuliza kwa nini washiriki wengi sana hawakuonekana kwenye ziara ya pili. Msemaji, kijana mwungwana asiyetoka Afrika, alijibu kwamba ni jamii inayohamahama, basi. Kijana huyo hakudanganya. Lakini mtu yeyote aliyefanya kliniki kwenye mwalo angejibu vingine. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, wavuvi wanapumzika, wanatengeneza nyavu. Ukipanga ziara kwa kalenda ya ofisini, unafika kambini siku za giza na kuwakuta wamelala mchana au wamehamia kisiwa kingine kufuata samaki. Ukipanga kwa mwezi, utawapata. Jibu hilo lingebadilisha namna utafiti unaofuata unavyopangwa, na lilikuwa kichwani mwa muuguzi aliyebaki Mwanza kwa sababu ya karatasi.

Ukiugua ukiwa huko, namba ya dharura ni 112 kila nchi ya Umoja wa Ulaya. Ukipata homa, usikubali kuambiwa ni mafua kabla hujasema neno malaria. Mwambie daktari siku ya kwanza, kwa sentensi moja, kwamba umetoka pwani ya Ziwa Victoria na unataka upimwe. Hospitali nyingi za huko huona wagonjwa wachache wa malaria, na kuchelewa siku mbili kunaweza kuua. Nambari ya bima yako iwe imeandikwa kwenye karatasi ndani ya pochi. Ukipoteza pasipoti, nenda polisi upate taarifa ya maandishi, kisha kwenye ubalozi wetu. Tanzania ina balozi Vienna, Berlin, Brussels, Paris, Roma, Stockholm, na nyingine iko The Hague. Andika anwani na simu yake kabla ya safari.

Siku ya mwisho usiondoke bila cheti cha kuhudhuria. Baraza la Madaktari na Baraza la Uuguzi na Ukunga yanataka ushahidi wa mafunzo endelevu, na alama za kongamano kama hilo zinaweza kuhesabiwa ukiwasilisha cheti na programu. Tunza hati za kupandia ndege na risiti. Mfadhili na mhasibu wa halmashauri watazidai. Rudi tarehe uliyosema utarudi. Viza yako inayofuata, na ya mwenzako wa kituo hichohicho, inategemea hilo.

Ukisharudi, omba saa moja kwenye kikao cha asubuhi cha kituo chako, utundike bango lile lile ukutani, ueleze kwa Kiswahili yale uliyoulizwa na uliyojifunza. Kisha lipeleke kwenye mwalo ambako takwimu zilitoka, uwasomee wale waliokupa damu na muda wao. Wana haki ya kuyajua matokeo kabla ya wageni wengine wote.

Na kama barua ya kukubaliwa imefika wiki hii, kazi ya kesho asubuhi ni moja: fungua pasipoti yako uangalie inaisha lini. Ikiwa huna, nenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa na ada ya shilingi 150,000, uombe ya kielektroniki. Mengine yote yanasubiri hiyo.